Baiskeli Iliyochukuliwa kwa Utani

Sikwenda Iringa kwa hiari. Ofisini kwetu hapa Mbeya waliamua kwamba safari hii, badala ya kukaa hotelini kula nyama choma na kusikiliza hotuba, tufanye utalii wa ndani kwa baiskeli. Na kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa kule, nikageuzwa mwenyeji bila kuulizwa. Wewe unanijua, sipendi kuburutwa. Lakini nikavishwa kofia ngumu iliyonibana masikio, nikapandishwa kwenye baiskeli ya gia isiyo na hata kengele, na katika baridi ile ya Iringa ya asubuhi inayokata vidole tukashika njia ya Kalenga, kundi zima la watu wa mezani wenye vitambi, tukihema kwenye kila kilima na kushuka kila mteremko tumebana breki kwa woga.

Kalenga tukaingia makumbusho ya chifu wa Wahehe, tukatazama mabaki ya ngome yake, tukapiga picha, tukaanza kupanda kuelekea Tosamaganga. Kijiji chetu kiko katikati ya njia hiyo. Sikuwa nimekanyaga pale tangu nilipomaliza shule ya msingi. Kwa mbali nikaona banda jipya la nyasi kando ya barabara, pale palipokuwa uwanja wa jirani yetu, na kibao kinachowaalika wageni wapumzike wanywe chai. Kijana aliyekuwa akituongoza, mchangamfu, mwenye maneno mengi, akatuambia tuegeshe baiskeli, kuna kitu cha kihistoria anataka kutuonyesha.

Kitu chenyewe kilikuwa baiskeli ya babu yangu.

Walikuwa wameipaka rangi ya bluu na kuifungia kapu mbele, na ndani ya kapu wameweka maua. Lakini kibao cha keria hawakukigusa. Kilikuwa kile kile alichochonga babu mwenyewe, chenye matundu mawili aliyoyatoboa kwa msumari wa moto ili apitishe kamba ya katani ya kunifunga nisianguke. Nilikikalia kibao kile miaka yote ya utoto wangu. Na juu yake, ukutani, palikuwa na picha kubwa ndani ya fremu ya kioo: babu yangu ameshika usukani kwa mikono miwili, kakunja uso, na jirani yetu amekaa juu ya kiti cha baiskeli ile ile, kacheka mpaka magego yanaonekana. Chini yake wameandika: Watani wawili, marafiki mpaka mwisho.

"Huyu anayecheka ndiye babu yangu mimi, Mngoni," kijana akawaambia wenzangu. "Na huyu mwingine ni Mhehe, jirani. Hawa wazee walipendana, acha tu! Yaani mpaka yule Mhehe akaamua amwachie mwenzake baiskeli, iwe ukumbusho."

Akamwachia. Niliposikia hivyo chai ilinikwama kooni, nikakohoa mpaka mhasibu wetu akanipiga mgongoni. Wenzangu wakasema jamani, inapendeza. Basi kaa nikueleze jinsi baiskeli ile ilivyoachwa.

Nilikulia kwa babu na bibi, wazazi wa mama yangu. Babu alikuwa amefanya kazi ya barabara mpaka mgongo ukagoma, na alipoacha akanunua baiskeli nyeusi ya Kichina, ile nzito yenye breki za vyuma, akaanza kazi ambayo wakati huo haikuwa na jina. Walikuja walimu, wanafunzi wa vyuo, wageni wa misheni, kila mmoja na baiskeli aliyokodi mjini, wakitaka kuona mambo ya kale. Babu akawaongoza. Shule zikifungwa alinifunga kwenye keria nikawa nakwenda naye. Tulianzia Kalenga, tukapanda kilima hadi kwenye kanisa la zamani la matofali la misheni kule Tosamaganga, tukatokea barabara ya Mbeya hadi Isimila, ambako nguzo za udongo zimesimama bondeni na mawe waliyochonga watu wa kale yametapakaa chini. Mchana tulikula viazi vya kuchemsha ambavyo bibi alivifunga kwenye jani la mgomba, vikiwa bado na uvuguvugu, na kama ni msimu wake tuliangua mafyulisi kwenye miti ya njiani, machungu kidogo karibu na kokwa, majimaji yakitiririka mpaka viwikoni. Nikifumba macho bado nausikia mlio wa cheni ile kwenye mteremko, na mgongo wa babu mbele yangu unanuka moshi na jasho.

Babu hakuwa mtu wa maneno, isipokuwa pale kwenye ukuta wa ngome. Pale aliwashusha wote baiskeli, akawaambia wavue kofia, waweke kiganja kwenye udongo. "Gusa kwanza," alisema. "Maswali baadaye." Halafu alinyamaza muda mrefu mpaka wageni wakaanza kutazamana, na ndipo alipoanza kusimulia jinsi udongo ule ulivyokandwa, nani aliubeba, na mizinga ya Wajerumani ilivyousambaratisha. Niliwahi kuona mwalimu mzima akifuta machozi. Kazi ya babu ilikuwa hiyo. Baiskeli ilimfikisha pale, na bila baiskeli, kwa mgongo ule, hakuweza kufika popote.

Jirani yetu alikuwa Mngoni, kwa hiyo alikuwa mtani wetu. Wahehe na Wangoni walichinjana zamani, na walipochoka kuchinjana wakaamua kutukanana. Mtani wako anaweza kukuita jina lolote na kumwita mkeo mkewe, anaweza kuingia jikoni kwako akapakua ugali, anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, na wewe sharti ucheke. Utakikomboa baadaye kwa kitu kidogo, na mambo yanaisha. Ukikasirika ni wewe uliyeharibu.

Nisimwonee. Mwanzoni alikuwa mtani hodari. Kila asubuhi babu akipita na wageni, yeye alisimama uwanjani kwake na kutukebehi kwamba tunakula mbwa, "Fungieni mbwa, Wahehe wanapita!" Babu naye alimjibu bila kusimama, "Babu zako walitoka Afrika Kusini kwa miguu, wakapotea, na hadi leo hamjui mlikokuwa mnakwenda!" Wageni walicheka, na babu alicheka mpaka baiskeli ikayumba. Bibi alikuwa akisema wanaume wale wawili wangeoana wangetupunguzia kelele.

Halafu bibi akafa. Ilikuwa masika, nikiwa darasa la nne, na barabara ilikuwa tope tupu.

Watani msibani unawajua. Wanakuja kukusahaulisha. Mtani wetu alikuja amevaa kitenge cha bibi alichokinyakua kwenye kamba, akajitwika ndoo yake, akatembea kama yeye, ule mguu wa kulia ukichechemea kidogo, akinung'unika kwa sauti yake kwamba kuni hazitoshi na wajukuu ni wavivu. Alikuwa bibi mtupu. Nililia na kucheka kwa wakati mmoja. Babu alikuwa amekaa juu ya mkeka hajatia kitu mdomoni tangu siku iliyopita, na hata yeye mabega yakatikisika. Kama mzee yule angeishia hapo ningekuwa namwombea dua hadi leo.

Lakini kaburi lilipofunikwa alikwenda kwenye ukuta wa nyumba yetu, akachukua baiskeli ya babu, akaipanda na kile kitenge kiunoni. "Mke wangu amekufa," akatangaza, "nani atanibeba tena? Hii ndiyo mke wangu mpya." Msiba mzima ukaangua kicheko. Babu akatabasamu, akampungia mkono aende. Ndivyo inavyotakiwa.

Matanga yalipoanuliwa, babu alikwenda kukomboa. Alibeba debe la ulanzi, ule mtamu wa siku hiyo hiyo, alioukinga kwenye mianzi yake mwenyewe, na mimi nikamfuata nyuma nimeshika kata. Mtani alinywa na watu wake. Walipomaliza alipangusa mdomo akasema, "Mtani, huu nimenawia mikono tu. Lete wa kunywa." Watu wakacheka. Babu akacheka nao. Tukarudi nyumbani bila baiskeli, na njiani babu akaniambia kesho ataleta mwingine.

Akaleta mwingine. Akaleta na jogoo. Jirani alipokea, akacheka, akadai kwamba mke hatolewi talaka kwa jogoo. Sasa mimi nilikuwa mtoto, lakini mtoto anajua macho. Mdomo wa mzee yule ulikuwa unacheka na macho yake yalikuwa yanapima. Nilimwambia babu, "Huyu hatarudisha." Babu akanikemea. Akasema utani una adabu zake, hakuna mtu anayeweza kufanya hivyo.

Kiangazi kilipofika wageni walianza kuja, na mtani wetu ndiye aliyewapokea. Alikuwa juu ya baiskeli ya babu. Aliwapeleka Kalenga, akawapandisha misheni, akawafikisha Isimila. Siku moja nilitumwa dukani Kalenga, nikawakuta kwenye ukuta wa ngome. Wageni wamevua kofia, viganja vyao viko juu ya udongo. "Gusa kwanza," alikuwa akisema. "Maswali baadaye." Kisha akanyamaza, kimya kile kile cha babu, kirefu vile vile, na akaanza simulizi yote neno kwa neno. Nilisahau hata nilichotumwa. Nilirudi mbio nikamweleza babu, naye akavaa koti na kofia akatoka.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilikuwepo. Alieleza taratibu, kofia mapajani, kwamba baiskeli yake imeibwa na anamjua mwizi. Mwenyekiti aliposikia jina la mwizi, alijizuia kidogo kwa heshima ya mvi, kisha akashindwa.

"Ah, mzee wangu! Unamshtaki mtani? Nikiandika hiyo, wilayani watanifukuza kazi kwa kucheka."

"Sitanii, mwenyekiti. Nataka baiskeli yangu."

"Ndiyo, ndiyo. Na mimi nimwambie nini, kwamba umenuna? Atakuvua na koti hilo!" Akaita mkewe aje asikie.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kijiji kizima. Padri alicheka. Mjomba wangu aliyetoka Idodi kutusalimia, mtoto wa babu wa kumzaa, alicheka akasema baba, ungefanya nawe umchukulie mbuzi wake. Babu alijaribu. Alikwenda mchana, akamfungua mbuzi mmoja. Wana wa jirani, vijana wanne wenye vifua, wakamnyang'anya kamba wakicheka, wakamsindikiza mpaka barabarani wakimpigia vigelegele. Wenye nguvu walikuwa wao. Utani ulikuwa umebaki wa upande mmoja, na hakuna aliyeona isipokuwa mzee na mtoto wa kike wa darasa la nne.

Sasa nikueleze habari ya picha ile ya ukutani, maana nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwa mpigaji.

Kilima cha misheni hakipandiki kwa baiskeli. Kila mtu hushuka akasukuma, isipokuwa mwenye kiburi. Babu alilijua hilo, na siku hiyo alitangulia kwa miguu, polepole na fimbo yake, akakaa kwenye kona ambapo njia inabana. Nilikuwa nimembebea maji. Wakaja wanafunzi wa chuo fulani, wamelowa jasho, wanasukuma, na mbele yao jirani yetu, bado juu ya kiti, anakanyaga pedeli kwa shida ili aonekane. Babu akasimama katikati ya njia, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Shuka," akasema.

"Mnamwona Mhehe wangu!" jirani akawaambia wanafunzi. "Huyu ananusa, anatafuta mbwa."

"Shuka. Mimi na wewe hatuna utani tena. Nimeukata leo, mbele ya watu hawa. Wewe si mtani wangu. Wewe ni mwizi. Umeiba baiskeli yangu siku niliyomzika mke wangu, na umeiba maneno yangu."

Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo, nje ya ngome. Sauti yake ilipasuka pale kwenye mke. Na wanafunzi wale, ndugu yangu, walipiga makofi. Walipiga miluzi. Walidhani ni mchezo walioandaliwa. Jirani akacheka kuliko wote, na kijana mmoja mwenye kamera shingoni akapenya mbele akasema kwa adabu, "Samahani babu, rudia kidogo, nilikuwa sijaweka sawa. Shika hivyo hivyo."

Babu hakurudia. Lakini hakuachia usukani mara moja, na ndipo picha ilipopigwa. Kisha vidole vikalegea kimoja kimoja. Alipisha njia, akakaa juu ya jiwe, nikampa maji, hakunywa. Wanafunzi waliopita walimsalimia kwa tabasamu, wengine wakimwambia hongera babu. Nilimchukia kila mmoja wao, na yule mwenye kamera zaidi.

Baada ya hapo aliishi miaka michache akichonga mipini ya majembe. Mtu akimtania hakujibu, na watu wakasema uzee umemharibu, amekuwa mkali. Alipokufa, jirani alikuja msibani amevaa koti la babu. Nilikuwa naosha vyombo nyuma ya jiko. Nilibeba beseni zima la maji machafu nikammwagia usoni. Nilitaka anipige, walau mara hiyo awe mtu mbaya mbele za watu. Alijipangusa ukoko wa ugali kwenye nyusi, akacheka, na waombolezaji wakacheka, na shangazi mmoja akasema kwa furaha, "Mjukuu naye kautambua utani!" Mwaka uliofuata nilipelekwa shule ya bweni Mbeya, nikabaki huku.

Basi umenielewa kwa nini chai ilinikwama.

Kijana yule hana kosa. Najua. Alizaliwa akakuta baiskeli iko ukutani na hadithi iko tayari. Lakini sikuwa na nafasi ya kumhurumia. Nilisimama nikamuuliza, "Kwa hiyo wewe ni Mngoni?"

"Mngoni kabisa, mama."

"Mimi Mhehe. Mzaliwa wa hapa hapa."

Uso ukamng'aa. "Kumbe mtani wangu! Mbona hukusema? Jamani, fichieni mbwa! Karibu, mtani, hapa ni kwako, chukua unachotaka."

Nikaenda ukutani. Nikatoa maua, nikayaweka mezani mbele yake. Nikatoa kapu. Nikaishika baiskeli ya babu usukani, nikaanza kuisukuma kwenda kwenye basi dogo lililokuwa likitufuata na mizigo. Magurudumu hayakuzunguka, kwa hiyo niliiburuta, ikachora mfereji kwenye uwanja wao uliofagiwa. Wenzangu walishangilia. Mhasibu wetu alirekodi kwa simu. Kijana alicheka, na akaendelea kucheka alipoona dereva anaipokea na kuifunga juu ya paa, ila sasa alikuwa ananitazama mimi, si wageni.

"Mtani, hiyo ni ya maonyesho," akasema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Utairudisha lini?"

"Wewe cheka," nikamwambia. "Watu wanakutazama."

Akacheka. Nilimsimamia nikautazama ule mcheko mpaka mwisho, kisha nikapanda basi. Sikuendelea na baiskeli siku hiyo. Isimila waliiona wenyewe.

Sasa iko hapa sebuleni kwangu, imeegemea ukuta. Fundi wa Mbalizi alikuja, akaigonga gonga, akasema rangi ndiyo inayoishikilia, ndani kutu imemaliza. Wanangu wanalalamika inakula nafasi. Niliwauliza juzi kama wanajua watani wao ni akina nani, wakanijibu utani ni wa mpira, Simba na Yanga. Mianzi ya babu imekatwa, uwanja wetu umelimwa viazi na mtu nisiyemjua. Nilidhani nikiipata baiskeli nitalala vizuri.

Kuna jambo sijawaambia wenzangu. Asubuhi ile kule Kalenga, kabla ya yote hayo, kijana alitushusha kwenye ukuta wa ngome akatuambia tuvue kofia. Niliweka kiganja. Akanyamaza, na alipoanza kusimulia nilisikia kikohozi kidogo cha babu katikati ya sentensi, pale pale kilipokuwa. Kijana hajawahi kumwona babu. Amekirithi pamoja na maneno mengine. Na mimi, niliyebebwa kwenye keria miaka yote ile, nimekaa hapa mbele ya baiskeli nikajaribu kuisimulia ngome mwenyewe, kwa sauti, nikafika kwenye udongo kukandwa, nikakwama. Sikumbuki kinachofuata.

Kwa hiyo nikitaka kumsikia babu tena, itabidi nirudi Iringa, nivae ile kofia ya kubana masikio, nimlipe mjukuu wa mwizi, na nisimame kwenye foleni na wageni wengine.